Kahawa Chungu kwa Mgeni wa Mji

Anayeshuka boti Malindi, Unguja, kwa mara ya kwanza hupotea. Ndivyo ilivyo. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa mtu mwenye haraka: mgeni hupinda kushoto akakabiliana na ukuta, hupinda kulia akatokea palepale alipoanzia. Jua likishalegea, baada ya sala ya alasiri, husikia mlio mwembamba wa kaure, vikombe viwili vikigonganishwa kiganjani mwa mtu asiyeonekana. Akiufuata mlio huo hufika njia panda ndogo. Hapo pana dele la kahawa juu ya jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, sinia ya kashata, na wanaume waliokaa bega kwa bega kwenye baraza za mawe. Mgeni akitoa salamu huitikiwa, kisha watu husogeana, na nafasi ya mtu mmoja hupatikana.

Huo ni mkahawa, ila hauna paa wala mlango.

Wasafiri wa siku hizi wanaijua raha ya kuingia mji mpya na kugundua mahali padogo pa kahawa ambapo mtu anaweza kukaa bila kuulizwa ana shughuli gani. Katika mwambao wa Afrika Mashariki raha hiyo ni kongwe. Ina historia yake, na imeacha alama katika kuta za nyumba, katika msamiati wa Kiswahili na katika siasa za miji. Ukiifuatilia historia hiyo unaona jambo moja likirudi kila karne: pahali pa kahawa ndipo mji ulipomtazama mgeni kwa mara ya kwanza, naye akautazama mji.

Desturi ya kumpokea mgeni ilitangulia kahawa yenyewe. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta utaratibu uliokwisha komaa. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na bidhaa zake ziliuzwa na kununuliwa kupitia kwake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na sultani akamletea tambuu na popoo. Kisha akaendelea hadi Mombasa na Kilwa. Katika maelezo yake ya mwambao mna ndizi, samli, wali na maembe ya achari, lakini kahawa haimo. Kinywaji hicho kilikuwa hakijaingia katika desturi za watu.

Kiliingia katika karne ya 15, huko Yemen. Mbuni ni mti wa misitu ya Ethiopia, ila waliouvusha Bahari ya Shamu na kuzifanya buni zake kuwa kinywaji cha kila siku ni watu wa Yemen, na miongoni mwao masufi walioinywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri. Kutoka zawiyani ikaenda hadi sokoni, na ilipofika sokoni ikawatia watawala wasiwasi. Mwaka 1511, mjini Makka, afisa wa Kimamluki aliyeitwa Kha'ir Beg aliwakuta watu wamekusanyika usiku karibu na msikiti wakinywa kahawa. Akaipiga marufuku na kuamuru buni zichomwe. Amri hiyo haikudumu, maana wakubwa wake wa Kairo hawakukubaliana naye, lakini swali lake lilibaki. Watu wanapokaa pamoja usiku, wakiwa macho na akili timamu, wanazungumza nini?

Swali hilo liliifuata kahawa kila ilikokwenda. Mwanahistoria Ibrahim Peçevi ameandika kwamba mikahawa ya kwanza ya Istanbul ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1550 na watu wawili waliotoka Aleppo na Damascus. London ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1652, mikononi mwa Pasqua Rosée, na baada ya miaka isiyozidi 25 mfalme Charles II alitangaza kuifunga mikahawa yote kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yakizungumzwa humo. Tangazo la Desemba 1675 liliondolewa Januari 1676, kabla halijaanza kutumika, kwa jinsi watu walivyolipinga. Katika mkahawa mwingine wa London, wa Edward Lloyd, manahodha na wafanyabiashara walikutana kubadilishana habari za meli, na katika mazungumzo hayo likazaliwa soko kuu la bima za baharini duniani, ambalo hata leo linaitwa Lloyd's.

Kwenye mwambao wetu kahawa ilikuja na upepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, majahazi ya Yemen, Oman na Ghuba yaliteremka kusini yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Upepo ulipogeuka kuwa kusi, yakarudi na boriti za mikoko, pembe na karafuu. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa nchi kavu wiki kadhaa, pengine miezi, na tabia zao wakakaa nazo. Msamiati wenyewe unatoa ushahidi: kahawa, buni, dele na finjani ni maneno yaliyotoka kwa Waarabu. Bado desturi hiyo ilikuwa hai mwaka 1938 na 1939, Alan Villiers wa Australia alipoabiri jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, safari aliyoisimulia katika kitabu chake *Sons of Sindbad*.

Katika karne ya 19, Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia makao yake kutoka Muscat hadi Unguja, kahawa ilipata heshima ya ikulu. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anaikumbuka roshani kubwa ya mbao iliyoelekea baharini, ambako baba yake alizoea kutembea huku na huko akiwa amezama katika mawazo, na ambako watu wa nyumba yake walikaa naye kunywa kahawa. Leo Mtoni ni magofu. Lakini picha hiyo ya mtawala, bahari na kikombe kidogo inaeleza jinsi kahawa ilivyokuwa sehemu ya adabu za mji mzima. Wasafiri wa Kizungu waliokwenda kumwamkia sultani waliandika mara kwa mara juu ya kahawa na sherbeti walizoletewa kabla ya mazungumzo kuanza.

Mkutano huo wa sultani na watu uliitwa baraza. Na baraza ni pia kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kando ya mlango, kikitazama njia. Hapa jengo na lugha vimeshikana mikono. Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, baraza la chifu wa Kenya: vyombo vyote hivyo vina jina moja na mahali ambapo mzee hukaa na kikombe chake jioni.

Kiti hicho kilikuwa na kazi nyingi. Nyumba ya Kiswahili ya mawe iliilinda faragha ya waliomo ndani, hivyo mwanamume asiye wa jamaa hakupitishwa ukumbini ovyo. Lamu ilikuwa na daka, kibaraza chenye viti vya mawe kabla ya mlango mkuu, ambapo mgeni alikaribishwa, akaketi, akanyweshwa, akaulizwa habari za safari. Unguja baraza zilitokeza hadi njiani. Mvua za masika zilipogeuza vichochoro kuwa vijito, watu walipita juu yake kama wapitao kwenye daraja. Wachuuzi walitandaza bidhaa, watoto walidurusu juzuu zao, wazee walicheza bao. Mwenye nyumba aliijenga baraza kwa fedha zake, ila hakuwa na kawaida ya kumfukuza aliyeketi. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, vilihifadhiwa pamoja na kuta viti hivi ambavyo havina tikiti wala saa ya kufungwa.

Aliyeifikisha kahawa kwenye viti hivyo ni muuza kahawa. Wengi wa wauzaji wa zamani, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut waliopewa jina la bandari yao ya Shihr. Walikuja bila mtaji na wakaanza na kazi ngumu: kuchukua mizigo bandarini, kuteka na kuuza maji, kutembeza kahawa. Kazi hiyo ya mwisho haikuhitaji duka wala kibali kikubwa. Ilihitaji dele, jiko dogo lililoning'inizwa chini yake, vikombe, na miguu. Basi mara nyingi aliyemnywesha mgeni alikuwa mwenyewe mgeni, aliyeujifunza mji kwa kuuzunguka na jiko la moto mkononi. Biashara hiyo baadaye ilipita mikononi mwa wenyeji na watu wa bara, lakini umbo lake halikubadilika sana. Mombasa, kwenye njia ya kuingilia Mji wa Kale, imesimamishwa sanamu kubwa ya dele la kahawa. Miji mingi huwajengea sanamu majemadari.

Kahawa yenyewe ni ya subira. Buni hukaangwa mpaka ziwe nyeusi, zikatwangwa kwenye kinu, mara nyingine pamoja na tangawizi au iliki, kisha unga huchemshwa kwenye dele kwa muda mrefu juu ya moto wa mkaa. Haitiwi maziwa, haitiwi sukari. Ndiyo maana inaitwa kahawa chungu, au kahawa tungu kwa wasemaji wa Kimvita. Utamu hukaa pembeni: kashata ya karanga au ya nazi, tende, na siku za neema kipande cha halua, ile iliyosongwa kwa wanga, sukari, samli na iliki. Mnywaji huuma kashata, hupiga funda, huuma tena. Kikombe ni kidogo makusudi. Kingekuwa kikubwa kingemmaliza mtu hamu na kupoa kabla hajamaliza hadithi. Kikiwa kidogo humpa sababu ya kuongezewa, na kila nyongeza ni ruhusa ya kubaki. Nchini Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado huzungumza Kiswahili majumbani, anayetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Mwaka 2015 UNESCO iliitambua kahawa ya Kiarabu kuwa urithi wa utamaduni, kwa maombi ya Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Na mazungumzo? Hayo ndiyo yaliyomtia hofu Kha'ir Beg, na barazani hayajawahi kukauka. Mwanafalsafa Mjerumani Kai Kresse aliishi Mombasa akisikiliza mijadala ya baraza za Mji wa Kale, na kitabu alichokitoa mwaka 2007 kinaonyesha kwamba pale washairi, mashekhe na watu wa kawaida hufikiri kwa pamoja juu ya utu, dini na utawala kwa kina kinachostahili kuitwa falsafa. Unguja, baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, baraza nyingi zilipata rangi za vyama na zikaitwa maskani. Kisonge, huko Michenzani, ikajulikana kwa ubao wake wa ujumbe na kwa kuwa ngome ya chama tawala. Upande wa pili wa siasa nao ukawa na maskani zake, na mashuhuri kuliko zote ni ile njia panda ya Sokomuhogo iitwayo Jaws Corner.

Jina hilo lina historia ya kupendeza. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka 20 hivi kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chake. Seti zilikuwa chache, hivyo watu walitazama pamoja, nje, pale walipozoea kunywa kahawa. Filamu ya *Jaws* ya Steven Spielberg, iliyotoka mwaka 1975, iliwakamata watazamaji wa kisiwa ambacho papa ni kitoweo na pia tishio, na njia panda hiyo ikabaki na jina la filamu. Papa amechorwa ukutani. Simu ya zamani isiyounganishwa popote imetundikwa na tangazo la kupiga nje ya nchi bure. Wazee hugonga dhumna, vijana hubishana juu ya mpira, kahawa huuzwa kwa bei ya sarafu. Watalii waliopotea huishia hapo, na wengi wao hugundua kwamba hawakupotea vibaya.

Bara, mahali kama hapo huitwa kijiwe. Neno ni dogo na lina unyenyekevu: jiwe la kukalia, basi. Kariakoo, Ilala na Magomeni, muuza kahawa huchagua kivuli cha mwembe au ukingo wa duka lililofungwa, huweka benchi, na kufikia magharibi wateja wamejigawa Simba na Yanga. Klabu hizo zilizaliwa katika miaka ya 1930, na tangu hapo haujapita msimu ambao vijiwe vya kahawa havikuwa na kikosi chao cha kwanza, tofauti na cha kocha. Anayehamia Dar es Salaam kutoka Songea au Kigoma hujua nyumba ya kupanga iko wapi, dalali mwaminifu ni nani, na kibarua kinapatikana wapi, kwa kukaa kijiweni jioni tatu au nne.

Kuna watu wa bara ambao kahawa haikuwafikia kutoka baharini. Wahaya wa Bukoba walikuwa na buni zao kabla ya Mjerumani kufika. Walizichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna, na mgeni alipoingia nyumbani jambo la kwanza lilikuwa kuletewa kahawa ya kutafuna. Punje mbili zinazokaa ndani ya tunda moja zilitumiwa katika kufunga undugu wa damu, kila mmoja akimeza yake. Kahawa hiyo bado inauzwa Bukoba, na bado inatolewa kwa mgeni. Maana yake ni ileile ya dele la Unguja, ingawa njia za kahawa hizo mbili hazikukutana.

Palipoingia mashamba ya ukoloni hali ilikuwa nyingine. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipanda mibuni Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, na wenzao wakafanya hivyo Bura katika vilima vya Taita na St Austin's karibu na Nairobi. Wachaga walilima, wakajipanga katika chama chao mwaka 1925, kisha wakaunda ushirika wa KNCU mwaka 1933. Nchini Kenya walowezi walihakikisha Mwafrika haruhusiwi kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, na hata hapo kwa tone. Mlango ulifunguliwa kwa upana katika miaka ya 1950. Kahawa ilipelekwa Ulaya ikiwa mbichi. Mkulima aliyeichuma alirudi nyumbani kunywa chai.

Ndiyo sababu mkahawa wa kukaa ndani, wenye meza na bili, ulichelewa kuwa wa kila mtu. Thorn Tree ya hoteli ya New Stanley, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1959, katika mji ambao rangi ya ngozi iliamua nani aketi wapi. Wasafiri waliokuwa wakivuka Afrika walibandika vikaratasi kwenye mti wa mgunga uliokuwa hapo, wakiachiana habari za njia. Hata pale, basi, kahawa ilikuwa na kazi ileile ya kumsaidia mgeni. Java House ilifunguliwa mwaka 1999 katika mtaa wa Adams Arcade, na katika miaka iliyofuata vijana wa Nairobi wakazoea kunywa kahawa ya nchi yao iliyokaangwa nchini mwao. Moshi nako, jengo la KNCU lina mkahawa wa ushirika, ambapo mjukuu wa mkulima anaweza kuionja kahawa ambayo babu yake aliijua kwa magunia tu.

Mikahawa hii ya ndani imeleta pia jambo ambalo baraza haikuwahi kulileta. Baraza ya njiani ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa na kahawa yao, uani na ukumbini, katika ziara za alasiri, arusi na hitima, lakini msichana aliyefika mji mpya peke yake hakusogezewa nafasi pale njia panda. Leo anaweza kusukuma mlango, akaagiza, akafungua kitabu, na hakuna wa kumuuliza. Analipa bei kubwa zaidi kwa nafasi hiyo, na pengine hatajuana na aliyeketi meza ya pili. Katika baadhi ya miji ya pwani wenye mikahawa wameanza kujenga viti vya mawe mbele ya milango yao na kuuza kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni.

Sokomuhogo, baada ya sala ya isha, muuza kahawa humwaga maji ya ndoo kwenye mfereji, hufunika makaa kwa jivu na kuvipanga vikombe kimoja ndani ya kingine. Wanaobaki kwenye baraza hawaondoki kwa sababu hiyo. Mgeni wa alasiri, kama bado yupo, huulizwa anakwenda wapi, na mmoja wa waliokaa huinuka, huvaa kandambili zake, na kumwongoza kupitia vichochoro hadi mlangoni kwake.